Pua ya Kifaru Ilielekea Nyumbani

SEHEMU YA KUMI NA NNE

Mlango ulisukumwa, na mtu aliyekufa mwaka sabini na tisa akapiga hodi.

Hapo ndipo pumzi zilipotukatika Jumamosi iliyopita, wasomaji. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, hali ni hii: saa nne na robo asubuhi, sebule ya Luteni mstaafu Osea Nzunda, kijijini Iyula. Upande wa dirisha wamekaa wageni wa posa kutoka Itaka. Upande wa kabati wamekaa wenyeji. Katikati, juu ya kitambaa cha kufuma, ipo karatasi moja ya jeshi, kuukuu, ambayo Sajenti mstaafu Hezron, babu wa bwana harusi mtarajiwa, ameitandaza kama mtu anayetandaza karata ya mwisho.

Karatasi ilikuwa na mistari michache. Kifaru kimekutwa kimezimika. Pua imeelekea kusini, nyumbani. Matundu ya risasi za mzinga, manne. Yote nyuma.

"Kinachopigwa nyuma ni kinachokimbia," Mzee Hezron alikuwa amesema. "Nyumba iliyokimbia vita haioani na nyumba iliyosimama. Gwamaka haoi hapa, na hilo ni neno langu."

Nyuma ya mlango wa jikoni, sikio likiwa ubaoni, alisimama mwenye posa yake, Atupele, mjukuu wa Luteni. Umri miaka ishirini na saba, kazi uwakala wa forodha pale mpakani Tunduma. Binti anayeposwa haingii sebuleni mpaka aitwe. Atupele aliijua desturi hiyo, na mpaka dakika ile alikuwa ameitii.

Aliyekufa aliingia akichechemea. Kofia pana, fimbo ya kuchungia, viatu vya matairi. Alivua kofia na kuwasalimia watu wote kwa mpigo mmoja, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Afande," alisema. "Umezeeka vibaya."

Mzee Osea aliinama mbele kumtazama vizuri. "Maduhu? Waliniambia ulifia hospitali."

"Na mimi waliniambia wewe uliungua ndani ya kifaru. Nimekulilia, Afande. Nilichinja na mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Dume. Mwekundu."

"Basi unanidai mbuzi," alisema Mzee Osea, na machozi yakamlengalenga.

Mshenga, Mzee Gibson, alikohoa. Kazi ya mshenga ni kukohoa pale mambo yanapotoka nje ya ratiba. "Samahani, mgeni. Wewe ni nani hasa?"

"Maduhu. Nafuga kule bondeni, Momba. Zamani nilikuwa dereva wa kifaru cha huyu bwana. Binti mmoja wa Tunduma amenitafuta wiki tatu, mpaka mnadani. Kaniambia babu yake anaitwa mwoga."

Jikoni, Shangazi Enesi alimfinya Atupele ubavuni. "Kumbe zile safari za mnadani hukuwa unatafuta ng'ombe wa sherehe!"

"Nyamaza, Shangazi. Sikiliza."

Sebuleni, Mzee Hezron alikuwa ameshaegemea mbele. Si mtu mbaya, huyu Hezron. Tumwandike kwa haki. Alikuwa mtu wa ushahidi. Kaka yake Wiliam alikuwa miongoni mwa askari kumi na wawili waliobanwa ndani ya mfereji siku kifaru kile kilipozimika. Tisa walitoka. Wawili walizikwa palepale. Wiliam hakuonekana tena, si mzima si maiti, na pale Itaka kuna kaburi la saruji lisilo na mtu ndani. Miaka arobaini na sita Hezron amelipalilia kaburi hilo akijua jambo moja tu: kifaru kilichotakiwa kumwokoa kaka yake kiligeuza pua.

"Vizuri," alisema Hezron. "Shahidi kaja kwa miguu yake. Nijibu swali moja, ndugu yangu, na ulijibu kama askari. Siku ile, kifaru chenu kilikwenda kwa adui au kilimkimbia?"

Atupele alishika kitasa.

Maduhu alikuna kidevu. "Sijui," alisema.

Hezron alisogeza kiti chake mbele.

"Hujui?"

"Sikumwona adui. Siku nzima ile sikumwona hata mmoja. Mimi nilikuwa naangalia nyumbani."

Hezron aliinua mikono miwili kuelekea dari. "Mmesikia? Dereva mwenyewe! Alikuwa anaangalia nyumbani! Mzee Gibson, andika, tuondoke."

Wageni wa Itaka walianza kukusanya kofia. Mzee Osea alibaki akitazama sakafu, na Atupele, kwa upenyo wa mlango, akaona jambo ambalo hakulielewa: babu yake hakuonekana mtu aliyeshindwa. Alionekana mtu aliyepata nafuu.

Hapo desturi ikaisha. Atupele alisukuma mlango akaingia sebuleni na khanga ya jikoni kiunoni.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Binti!" Mzee Gibson aliruka. "Hujaitwa!"

"Najua, babu, mtanitoza faini. Lakini mimi kila siku napitisha malori mpakani. Dereva akisema hajui alikokuwa anakwenda, huwa simwachii. Namuuliza tena." Akamgeukia Maduhu. "Babu Maduhu, kwa nini ulikuwa unaangalia nyumbani?"

"Kwa sababu ndiko uso ulikokuwa."

"Na kifaru kilikuwa kinakwenda upande gani?"

"Kilikuwa kinakwenda nyuma, mjukuu wangu. Gia nyingine zilikuwa zimekufa."

Kofia zikarudi magotini.

"Keti, uanze mwanzo," alisema Atupele. "Shangazi, chai."

Maduhu aliketi, akanyoosha mguu mbovu, akaanza. Ninafupisha, maana kulikuwa na ng'ombe wengi katikati ya masimulizi yake.

Walikuwa wanne ndani ya kifaru: Luteni Osea juu mnarani, mpiga mzinga, mjaza mzinga, na Maduhu chini mbele, kwenye usukani wa fimbo mbili. Mita mia sita mbele yao kulikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji wale kumi na wawili. Rashasha moja ya adui, iliyofichwa kwenye nyumba ya matofali, ilikuwa inaufagia ukingo wa mfereji. Aliyeinua kichwa hakukishusha mwenyewe.

Kombora la kwanza la mzinga wa adui lilipasuka ardhini kando yao kabla hawajafika popote; halikutoboa bati, lakini liliwatikisa. Simu ya ndani ya kifaru ikafa. Maduhu akajaribu gia ya kwanza: haiingii. Ya pili: haiingii. Ya tatu: chuma kinalia. Ya nyuma ikaingia kama kisu kwenye parachichi.

"Nikatoa kichwa nje, nikapiga kelele: Afande, imebaki ya nyuma tu! Nikafurahi, nisiwafiche. Pua yetu ilikuwa kwa adui. Ukiwa na gia ya nyuma, unarudi nyumbani polepole, bati nene likiwa mbele, unakunywa chai. Hakuna mkuu wa kukulaumu."

"Ikawaje?" aliuliza Mzee Gibson, ambaye alikuwa amesahau kukohoa.

"Huyu bwana akautazama ule mfereji. Akaniambia: kigeuze."

"Kigeuze vipi?"

"Hivyo hivyo. Pua nyumbani, mgongo kwa adui. Nikamwambia, Afande, tukigeuza tutawaendea hawa watu makalio mbele! Na bati la nyuma ni jembamba, hata mtoto analijua. Akasema, kwani makalio yako yana kazi nyingine leo?"

Jikoni, Shangazi Enesi alitoa kicheko ambacho kiliangusha kifuniko cha sufuria.

"Nikakigeuza. Mzinga nao ukazungushwa, ukatazama kwa adui juu ya mgongo wa kifaru. Sasa tatizo: mimi ndiye dereva, na sioni ninakokwenda. Naona nilikotoka. Yeye anaona, lakini simu imekufa na ukiwa ndani hata ukipiga kelele husikiki. Ndipo akachukua kamba za kufungia nyavu za kujifichia. Akanifunga moja mkono wa kulia, moja wa kushoto. Nikamwambia, Afande, mimi ni Msukuma. Mimi ndiye huwa nashika kamba. Sijawahi kufungwa."

"Nikamwambia kila kitu kina siku yake ya kwanza," alisema Mzee Osea taratibu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu lile la mbuzi.

Kila mtu mle ndani alizielewa kamba zile bila kufafanuliwa. Iyula nzima inalima kwa maksai. Ndama dume anayefundishwa nira hufungwa kamba mbili pembeni. Anayemfundisha husimama mbali akavuta moja. Osea alikuwa amefundisha maksai kabla hajafundishwa kuvaa buti.

Mzee Hezron alikuwa amesikiliza bila kupepesa. Sasa alitikisa kichwa.

"Hadithi nzuri. Ningekuwa bado na watoto wadogo ningewasimulia. Lakini hata wale tisa waliotoka mferejini waliandika: tumeokolewa na kifaru kilichozimika katikati yetu na adui kikiwa kinakimbia. Bahati yao, si ushujaa wa mtu. Na mimi mwenyewe nilikuwa kilimani, mita mia nne, nikakiona kwa macho haya kupitia moshi. Pua ilikuwa nyumbani."

"Uliona pua," alisema Atupele. "Minyororo ilizungukia wapi, babu?"

"Kulikuwa na moshi."

"Kwa hiyo hukuona."

"Binti, mtu asiyeona hawezi kuendesha tani thelathini na sita kwa kuvutwa kamba. Haiwezekani. Jambo lisilowezekana halihitaji ushahidi."

"Na likiwezekana?"

Hezron akasimama, akavua koti la suti, akalikunja, akampa Mzee Gibson amshikie. "Lete kamba," alisema. "Atanivuta mimi."

Dakika tano baadaye posa nzima ilikuwa uani.

Ilikuwa Julai, na ua wa Mzee Osea ulijaa kahawa. Meza sita za waya, safu mbili, zimetandazwa mavuno ya wiki. Katikati ya safu kulikuwa na njia isiyozidi upana wa mabega mawili. Njia ilikwenda moja kwa moja hadi meza ya pili, ikapinda kulia kulikwepa shimo la maji ya kuoshea kahawa, kisha ikapinda kushoto kuelekea ghalani. Hatua thelathini. Shimo lilikuwa na kina cha kiuno, na maji yake yalinuka kama pombe iliyosahauliwa.

Kando ya gari, akijifanya anaangalia tairi, alikuwepo Gwamaka. Huyu ndiye bwana harusi, fundi wa gia boksi za malori pale Tunduma, ambaye kwa desturi naye hakutakiwa kusikia chochote na kwa hakika alikuwa amesikia vyote. Alimtazama Atupele. Atupele alimwonyesha kwa jicho: baki hapo hapo.

Maduhu alimfunga Hezron kamba mikononi, juu kidogo ya viwiko, akamgeuza, mgongo ukaelekea ghalani. "Kamba ikilegea, nenda. Ukivutwa mkono, pinda upande wa mkono huo. Zikivutwa zote, simama. Usigeuze shingo. Kifaru hakina shingo."

Mzee Osea aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa ghala, mwisho wa njia. Mikono yake hutetemeka siku hizi, chai humwagika. Atupele alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

"Sheria ni moja," alisema Hezron akiwa amewapa kisogo. "Nikigusa meza, au nikiingia kwenye hilo shimo lenu, wewe ni mwongo na posa imekwisha. Sawa?"

"Sawa," alisema Mzee Osea.

"Babu!" Atupele alipaza sauti. "Usikubali. Ile ilikuwa zamani!"

"Nenda," alisema Mzee Osea, akalegeza kamba.

Sajenti mstaafu Hezron, miaka sitini na tisa, mzee wa kanisa, alianza kutembea kinyumenyume katikati ya kahawa.

Hatua ya tano. Ya nane. Kamba zilikuwa zinatetemeka kama mikono iliyozishika, na Hezron alianza kuyumba. Kiwiko kikapita unywele mmoja tu kando ya meza ya kwanza.

"Unanitikisa!" alifoka.

"Ndiyo hali yenyewe," alisema Maduhu. "Hata siku ile alikuwa anatetemeka."

Hatua ya kumi na mbili. Simu ya Atupele ikalia mfukoni. Dereva wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwenye lori la saruji, bila shaka. Akaizima bila kuitazama.

Hatua ya kumi na nne, na hapo ndipo kona ilipokuwa. Mzee Osea alihitaji Hezron aende kulia kwa njia, kama inavyoelekea ghalani, mbali na shimo. Akavuta kamba iliyokuwa katika mkono wake wa kulia.

Hezron akahisi mvuto kwenye mkono wake wa kushoto.

"Umekosea!" alisema akisimama. "Umevuta kushoto!"

"Pinda ulikovutwa," alisema Mzee Osea.

"Nitaanguka!"

"Pinda, Sajenti."

Ile haikuwa tena sauti ya mzee anayemwaga chai. Hezron alipinda kushoto kwake. Kisigino kikapita kando ya shimo, kokoto moja ikatumbukia majini, na yeye akaendelea salama. Kamba ya pili ikavutwa. Akapinda. Hatua ya ishirini na tano. Ya thelathini. Kamba zote mbili zikakaza, na mgongo wa Hezron ukasimama shubiri moja mbele ya kigoda.

Hakuna punje ya kahawa iliyoanguka.

Hezron aligeuka. Hakuangalia meza wala shimo. Aliangalia kamba. Aliifuata moja kwa kidole kutoka mkononi mwake mpaka mkononi mwa Osea, kisha akaifuata ya pili.

"Umezipishanisha," alisema.

"Ndani ya kifaru tulipeana kisogo, mimi natazama tunakokwenda," alisema Mzee Osea. "Kulia kwake ni kushoto kwangu. Ukilima na maksai, wewe na yeye mnatazama upande mmoja. Huyu alikuwa anatazama kwingine. Mara ya kwanza nilisahau. Nikavuta kama navuta maksai wa baba yangu."

"Tukaingia kwenye tope mpaka minyororo," alisema Maduhu. "Nikasema leo nakufa kwa sababu ya Mnyiha na ng'ombe wake."

"Ndipo nikazipishanisha."

Hezron alikaa juu ya ukingo wa ghala. Mtu wa ushahidi anapopata ushahidi huwa hapigi kelele. "Mwongo asingekumbuka kuzipishanisha," alisema. "Mwongo angesema alivuta, tukaenda."

Gwamaka alikuwa ameshasogea, amesahau tairi. "Shikamoo, babu Maduhu. Ile gia ya nyuma ilivyoingia, ilitoka tena?"

"Haikutoka. Ilikwama humohumo mpaka tulipolipuliwa."

"Basi kifaru kile kilipovutwa baadaye, minyororo isingezunguka. Lazima kingeburutwa. Kuna aliyekuwepo kilipovutwa?"

Alikuwa anauliza kama fundi, hana hili wala lile. Lakini babu yake alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

"Mimi," alisema Hezron.

Ua mzima ulimgeukia.

"Nilikuwepo. Tulikivuta kwa kebo, asubuhi ya pili. Kiligoma. Fundi wa kikosi aliingia, akatoka anatukana. Alisema..." Alimeza mate. "Alisema, mpumbavu gani amekufa na gia ya nyuma. Tulicheka. Tukakiburuta. Miaka arobaini na sita nimekaa na neno hilo, sikuwahi kuliweka kando ya ile pua."

Hesabu ilikuwa rahisi na kila mtu aliifanya kichwani: gia moja tu, ya nyuma, pua nyumbani. Kifaru cha namna hiyo kina upande mmoja tu wa kwenda.

"Nini kilitokea mbele ya mfereji?" aliuliza Atupele.

"Alinisimamisha katikati ya rashasha na wale watu," alisema Maduhu. "Kifaru kikawa ukuta. Tulipigwa la kwanza, la pili, la tatu. Wenzetu wawili wakaenda kwa la tatu, Mungu awaweke. Afande akashika mzinga mwenyewe. Ile nyumba ya matofali ikawa vumbi. La nne likanipata mguu. Akakata kamba, akanivuta nje kwa ukosi, akanilaza chini ya mnyororo. Zaidi ya hapo sijui."

Mzee Hezron alisimama, akasawazisha shati. Aliwatazama wazee wa Itaka mmoja mmoja, kisha akabana visigino na kumpigia Luteni Osea saluti, pale pale, kamba zikiwa zinaning'inia mikononi.

"Afande. Nilikosea. Nitalisema hivyo kanisani Itaka na nitalisema hivyo sokoni."

"Basi inatosha," alisema Mzee Osea haraka. Haraka mno. "Turudini ndani, chai inapoa. Mzee Gibson, posa iendelee."

Shangazi Enesi alipiga kigelegele. Gwamaka alitabasamu mpaka gego la mwisho. Na laiti mambo yangeishia hapo, wasomaji, tungekwenda sote kula wali.

"Afande, swali moja," alisema Hezron. "Bodi ya uchunguzi ya jeshi ilikuuliza?"

"Niliwaeleza. Walicheka. Wakasema hakuna kifaru kinachokwenda vitani kinyumenyume."

"Bodi nimeielewa. Mimi je? Tunakaa kilomita chache. Tunakutana kwenye mazishi. Umeniacha nikuite mwoga mbele ya watu, na ulikuwa na kamba ghalani. Kwa nini hukunionyesha?"

Mzee Osea alianza kuzikunja kamba. Alizikunja vibaya.

"Wewe," Hezron akamgeukia Maduhu, polepole, kwa sauti ya mtu aliyeshika uzi na hataki kuuvuta. "Umesema hukumwona adui. Ulikuwa unaangalia nyumbani. Wakati mmesimama pale mferejini, mbele ya macho yako kulikuwa na nini?"

"Uwanda."

"Mtu?"

"Maduhu," alisema Mzee Osea. "Usithubutu."

Atupele alimtazama babu yake. Mtu huyu alikuwa ameelekeza mgongo wa kifaru kwenye mizinga. Sasa alikuwa anaogopa, na woga wenyewe ulionekana kama nguo.

"Ni amri, Afande?" aliuliza Maduhu.

"Ni ombi."

"Mimi naamuru," alisema Hezron. "Ni kaka yangu niliyempoteza. Sema."

Maduhu alivua kofia. "Mmoja alitoka mferejini kabla hatujampiga yule wa rashasha. Akanipita hivi, mbele ya pua. Hana bunduki. Alikuwa anakimbia kuelekea nyumbani, mbio ambazo sijaziona tena. Tulitazamana. Alikuwa na kovu hapa, kwenye nyusi."

Kovu la kwenye nyusi lilijulikana na kila mtu wa Itaka mwenye zaidi ya miaka hamsini. Wiliam alilipata kwa pembe ya ndama, akiwa na miaka tisa.

Hezron hakulia. Alifungua kamba mikononi mwake, fundo moja, kisha la pili, akazikabidhi kwa mwenyewe.

"Kwa hiyo ulikuwa unanilinda," alimwambia Osea.

"Nilikuwa nalinda kaburi," alisema Osea. "Ulilijenga vizuri."

"Nilisema nyumba iliyokimbia haioani na nyumba iliyosimama." Alichukua koti lake kwa Mzee Gibson, akalivaa, akafunga vifungo vyote vitatu. "Nilisema ni neno langu. Sikujua nasema nyumba ipi. Neno halibadiliki kwa sababu limenigeukia mimi. Gwamaka, washa gari. Sisi ndio hatustahili hapa."

"Babu, mimi siendi," alisema Gwamaka.

"Washa gari."

"Wazee, jamani!" Mzee Gibson alikohoa mfululizo, lakini kikohozi hakikufua dafu. Wageni walianza kuelekea langoni. Atupele alibaki kati ya meza za kahawa, akiitazama ndoa yake ikiondoka kwa hatua za kijeshi, imeokolewa na kuuawa katika nusu saa ileile.

"Mzee Hezron," Maduhu aliita. "Ukifika langoni usishtuke."

"Nishtukie nini?"

"Sikuja peke yangu. Nilimkuta Nakonde, mnadani, mwaka juzi. Ana duka la vipuri vya plau. Nyusi ile ile. Leo nimemleta kwa nguvu, yuko kwenye bajaji huko nje. Ameogopa kuingia."

Hezron alisimama kama aliyevutwa kamba zote mbili.

Aliyetembea ni Atupele. Hakumwomba mtu ruhusa. Siku ile alikuwa ameshavunja desturi nyingi kiasi kwamba moja zaidi isingeongeza faini. Alipita katikati ya wazee wa Itaka, akafungua lango, akainama kwenye bajaji.

Ndani aliketi mzee mwembamba mwenye uso wa Hezron, miaka michache zaidi. Kovu lilikata nyusi ya kushoto. Mikono yake ilishika bahasha ya kaki iliyopigwa muhuri wa jeshi, haijawahi kufunguliwa.

"Mwapoleni, mukwai," alisalimu kwa mazoea ya ng'ambo ya mpaka, kisha akajisahihisha. "Hujambo, mwanangu. Wewe ndiye bibi harusi?"

"Shikamoo. Sijui tena. Mdogo wako ameivunja posa. Anasema nyumba yenu ndiyo iliyokimbia."

Mzee Wiliam alitikisa kichwa, akamwekea bahasha mikononi.

"Mimi sikukimbia," alisema. "Nilitumwa. Soma jina la aliyenituma."

Atupele aligeuza bahasha. Mwandiko aliujua. Ndio uliomwandikia barua zote za shule, na kwenye kona ya chini ulikuwa umeandika: *Lt. O. Nzunda. Isifunguliwe nikiwa hai.*